Usizoeane na Watu Huko

Kuna sentensi moja ambayo mtu wa Nyeri anayeenda majuu huambiwa kabla hajapanda ndege. Anaambiwa na mjomba, anaambiwa na mwenyekiti wa kamati ya harambee ya tikiti, anaambiwa na mama yake akimfungia unga wa uji ndani ya sanduku: "Ukifika fanya kazi, tuma pesa, na usizoeane na watu huko." Sehemu mbili za kwanza sina ubishi nazo. Hiyo ya tatu ndiyo nataka kuipinga hapa, na nitaipinga bila kubembeleza, kwa sababu nimeona inachowafanyia watu.

Inatolewa kama hekima. Ni woga tu, umevalishwa koti la wazee. Inamwambia kijana wa miaka 23 aende akaishi katika nchi ya watu miaka mitano, labda kumi, kama abiria anayengoja matatu stejini: begi mapajani, macho barabarani, mdomo kimya. Na miaka hiyo mitano haingoji. Ndiyo ujana wenyewe unaopita hapo.

Woga huu umetoka wapi, kila mtu anajua. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9. Benki Kuu inazihesabu kila mwezi na magazeti yanachapisha hesabu hiyo kama matokeo ya ligi. Serikali nayo ina Kazi Majuu. Kwenye miji yetu ya mlimani madarasa ya Kijerumani yanajaa vijana wanaokariri vitenzi ili wapate cheti. Katika mlolongo huo wote, kuanzia wakala mpaka waziri mpaka auntie wa kanisa, hakuna hata mmoja anayeuliza: Jumapili utakula na nani? Wanakuandaa kuwa mfanyakazi. Kuwa jirani hawakuandai, maana ujirani hauna risiti.

Mfano wangu ni Uhispania, kwa sababu nilikaa Valencia mwaka mmoja na nusu, na kwa sababu sijui nchi inayouumbua ushauri huu haraka kama ile. Wakenya huko si wengi kama Uingereza au Ujerumani, kwa hiyo huwezi kujificha ndani ya mtaa wa kwenu. Halafu maisha yenyewe ya kila siku yamejengwa juu ya watu kusemezana.

Chukua foleni. Sokoni, mbele ya muuza samaki, hakuna mstari. Watu wamesimama ovyo kama wanaongoja baraza la chifu lianze. Unachofanya ni kuingia na kuuliza kwa sauti, "¿El último?", yaani wa mwisho ni nani? Bibi mmoja atainua kidole bila hata kukutazama. Sasa wewe uko nyuma yake. Anayekuja baadaye atauliza, na wewe utainua kidole. Basi, foleni imepangwa. Mkenya aliyeonywa asizoeane na watu husimama kimya pembeni, anapitwa na watu sita, kisha anarudi chumbani kuandika kwenye grupu kwamba Wahispania ni wabaguzi. Wako wabaguzi, nitafika huko. Lakini siku ile hukubaguliwa, ndugu yangu. Hukuuliza.

Au ingia kliniki. Chumba cha kungojea kina watu kumi wasiojuana, na kila anayefungua mlango anasema "buenos días" kwa wote, na wote wanajibu. Kwenye lifti ni hivyo hivyo. Jioni za kiangazi, katika mitaa ya kizamani na vijijini, wazee hutoa viti vya jikoni na kuviweka mlangoni, wanakaa nje kupunga upepo na kusema watu mpaka usiku wa manane. Wanaita kukaa a la fresca. Cucu yangu angeelewa bila mkalimani, tofauti ni kwamba yeye hufanya hivyo mchana, akichambua maharagwe.

Saa nne asubuhi, mafundi wa ujenzi na makarani wanaacha kazi na kwenda baa kula almuerzo: mkate mrefu uliojazwa mayai na viazi au nyama, karanga na zeituni katikati ya meza, mwishoni kahawa yenye ramu iliyochomwa moto. Hawali wima kama watu wanaofukuzwa. Wakimaliza hawaondoki. Kuna hata neno la ule muda wa kukaa mezani baada ya sahani kutolewa, sobremesa, na ndani ya muda huo ndimo mambo yote yanasemwa: nani ameachana na nani, chumba kipi kinapangishwa, mkahawa upi unatafuta mtu wa kuosha vyombo. Ukinyanyuka mara tu baada ya kula, kwa sababu umeambiwa ulikuja kufanya kazi, umeondoka kabla mkutano haujaanza.

Halafu Agosti. Mji unahama. Karibu kila Mhispania wa mjini ana pueblo yake, kijiji cha mababu chenye kanisa, chemchemi na shangazi mmoja anayejua kila kitu. Ni ushago kabisa, ni gichagi. Na kama sisi, wanalalamika juu ya gichagi mwaka mzima na hawakosi kwenda. Siku mtu anapokuambia "twende kwetu kijijini wikendi," hiyo si picnic. Amekufungulia mlango wa nyuma wa maisha yake, anakuonyesha mama yake akiwa na aproni. Nawajua wasee wawili kutoka kwetu waliokataa mwaliko wa namna hii kwa sababu wikendi ile kulikuwa na zamu ya euro sitini. Sitasema ni wapumbavu. Nitasema walifundishwa vibaya.

Sisemi kwamba Wahispania ni malaika wa urafiki. Hapana. Mtu wa Valencia anaweza kucheka na wewe baa miezi sita na usijue nyumba yake iko ghorofa ya ngapi. Wengi wana marafiki wale wale tangu shule ya msingi, mbogi yao ilifungwa zamani na hawatafuti mwanachama mpya. Busu mbili za mashavuni wanampa kila mtu, usizichukue kama ahadi. (Nimeshuhudia mwanaume wa Othaya akipokea busu zake za kwanza. Alisimama kama mlingoti wa KPLC.) Urafiki wa kweli huko huja polepole, na una jina: confianza. Watu wawili wakiwa na confianza, mmoja anaweza kufungua friji ya mwenzake bila kuuliza.

Kwa Kiswahili neno la karibu zaidi ninalolijua ni mazoea, na hapo ndipo lugha yetu ya mtaani inatuponza. Kwetu "kuzoea mtu" limekuwa tusi. "Usinizoee." "Wewe umenizoea sana." Mtu akikuzoea maana yake amekuvunjia heshima, anakaribia kukuomba doo. Wahispania wanaujua upande huo pia, wana msemo wao kwamba mazoea yakizidi yanachefua. Lakini wanausema wakicheka, wakiwa wamekaa na wale wale wanaowachefua, tangu saa saba mchana. Sisi tumeugeuza kuwa sheria ya usafiri.

Na tuzungumze sheria basi, maana wapo wasioamini kitu mpaka kipigwe muhuri. Uhispania ina njia ya kupata kibali inayoitwa arraigo. Neno limetoka kwenye raíz, mzizi. Kwa maneno mengine, kuota mizizi. Mtu aliyeishi huko bila makaratasi anaweza kuomba kuhalalishwa kwa njia hiyo. Zamani alihitaji kuwa amekaa miaka mitatu mfululizo, kuanzia Mei 2025 sheria mpya imepunguza hadi miwili. Kwa ile inayoitwa arraigo social, kama huna jamaa wa karibu mwenye kibali, unahitaji ripoti rasmi inayoeleza ulivyojiunga na jamii: umekaa pale muda gani, lugha unaijua, umesoma kozi gani, unashiriki nini. Soma hiyo mara mbili. Nchi ya watu inakuuliza, kwa maandishi, kama umezoeana na watu. Na wewe nyumbani ulikatazwa.

Hata kabla ya kufika huko kuna padrón, daftari la wakazi la manispaa. Asiye na makaratasi anaruhusiwa kujiandikisha, na ndilo linalothibitisha umekuwepo tangu lini. Shida ni kwamba wenye nyumba wengi wanaopangisha vyumba hukataa mpangaji kuandikishwa kwao, na hapo ndipo biashara ya kuuza anwani imeota. Kuna watu wamelipa mamia ya euro kwa karatasi ambayo jirani mwema angewapa kwa kwenda nao ofisini asubuhi moja.

Najua nikisema hivyo msomaji wangu wa Nyeri atachangamka: kumbe rafiki ana faida! Tulia. Simwambii mtu aende kutafuta marafiki kama anayetafuta mdhamini wa mkopo wa Sacco. Watu wanainusa hiyo harufu, hata Wahispania, hasa Wahispania. Ninachosema ni kwamba waliotupa ushauri wa "usizoeane" walijidai wanajua hesabu, na hata hesabu wameikosea.

Sasa pingamizi, maana zipo na zina uzito.

La kwanza ni muda. Wanawake wengi wahamiaji huko wanafanya kazi ya nyumbani wakilala kwa mwajiri, wanamtunza mzee mchana na usiku. Anayefanya hivyo huitwa interna. Sheria inampa saa 36 mfululizo za mapumziko kila wiki, na tangu Septemba 2022 wafanyakazi wa nyumbani wamepata hata haki ya malipo ya kukosa kazi, jambo walilolipigania miaka mingi. Asiye na makaratasi hupewa kile mwajiri anachojisikia kumpa. Kwa hiyo mtu ataniuliza: huyu dada aliyechoka, mgongo unamuuma kwa kumgeuza mzee kitandani, unataka aende baa kupiga stori? Nataka awe na haki ya kwenda, ndiyo. Kwa sababu najua kinachotokea kwa zile saa 36. Simu inalia kutoka nyumbani: kuna karo, kuna mabati, kuna kipande cha shamba Kieni kinauzwa bei ya kutupa. Anaziuza zile saa kwa kufua ngazi za jengo jingine. Tunamlaumu mwajiri wa Kihispania kwa kummaliza, na ni kweli anammaliza siku sita. Ya saba tunaimaliza sisi, kwa M-Pesa.

La pili ni ubaguzi. Mei 2023, kwenye uwanja wa Mestalla, hapo hapo Valencia, mashabiki walimtukana Vinícius Júnior kwa kelele za nyani, dunia nzima ikaona. Mwaka uliofuata watatu kati yao walihukumiwa miezi minane jela. Nimewahi kukaa kwenye basi na kiti cha pembeni kikabaki wazi mpaka mwisho wa safari, watu wamesimama. Nimepiga simu kuuliza chumba, sauti ikawa tamu, nikafika mlangoni chumba kikawa kimechukuliwa. Sitamwambia yeyote kwamba tabasamu linatibu hayo. Lakini angalia mantiki ya kukimbia: wanaokuchukia hawataki uwe na mtu pale. Ushauri wa mjomba unataka hicho hicho. Wamekutana wapi hawa wawili?

Pingamizi la tatu ndilo nalisikia zaidi, kwamba tuna watu wetu, wanatosha. Tuna grupu la WhatsApp. Nalijua hilo grupu. Lina wanachama mia mbili na zaidi, na linaamka mara tatu: mtu akifa, mtu akitaka kuingiza mtu, na kama kuna siasa za nyumbani. Akifa mtu tunachanga, mwili unarudishwa, tunajivuna kwamba sisi Wakenya tuna umoja. Nilichangia mwili wa mwanaume mmoja ambaye hakuna kati yetu aliyejua chakula alichokuwa anapenda. Alikuwa amekaa huko miaka tisa. Mwenye baa ya chini ya nyumba yake ndiye aliyegundua haonekani, kwa sababu asubuhi hakuja kunywa kahawa yake. Huyo mwenye baa hakuwa kwenye grupu.

Tena kuna ule ushindani wa kimya. Mkenya akikutana na Mkenya huko swali la pili ni una makaratasi, la tatu ni unalipwa ngapi, halafu kila mmoja anaficha ramani ya kazi yake kama mwizi wa mahindi. Mbele ya jirani wa Kihispania, bibi ambaye hajui Nyeri ni mji au ni ugonjwa, unaweza kukaa bila kushindana. Hajui mlijenga nyumba ya mawe au bado. Haimhusu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, na pale ndipo mahali pa kwanza ambapo hakuna aliyeniuliza nitamaliza lini.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi wa Mlima Kenya tungepaswa kulijua somo hili kuliko wote, kwa sababu tumekuwa wenyeji wa wageni kwa zaidi ya miaka mia. Tumeona kila aina. Baden-Powell alikuja kumalizia maisha yake Nyeri, akakaa kwenye nyumba yake ya Paxtu pale Outspan, akafariki Januari 1941. Kaburi lake lipo na maskauti huja kulitazama. Kando ya Nanyuki kuna wageni ambao wamezeeka nyuma ya lango, Kiswahili chao kinaishia kwenye amri za jikoni. Tunawajua kwa magari yao. Hatuwachukii sana, ila hatuna cha kusema juu yao.

Halafu kuna Sista Irene Stefani. Mwitaliano, wa shirika la Consolata, alifika Kenya mwaka 1915, na kuanzia 1920 akakaa Gikondi, kule Mukurweini. Alijifunza Gikuyu. Alitembea nyumba kwa nyumba, akaandikia watu barua zao, akaugua baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni, akafa Oktoba 1930, hajatimiza miaka arobaini. Tuna haki ya kubishana kuhusu umisionari, na mimi hubishana nao kila Krismasi kwenye meza ya nyumbani. Lakini watu wa Gikondi walimpa jina, Nyaatha, mama wa huruma, na Mei 2015 alipotangazwa mwenye heri hapo Nyeri walikuja wajukuu wa watu aliowajua. Yeye naye aliondoka kwao akiwa kijana. Sijui kama kuna aliyemwambia asizoeane na watu huku. Kama yupo, hakusikilizwa.

Tofauti yake na yule wa nyuma ya lango tunaiona vizuri tukiwa sisi wenyeji. Tukiwa wageni, tunachagua kuwa yule wa lango, minus gari.

Kuna dada mmoja wa Karatina niliyemjua huko, anamtunza mama wa miaka themanini na kitu katika mtaa wa Orriols. Alikuwa amezoeana na watu vibaya sana, kwa kipimo cha kwetu. Alijua majina ya mbwa. Jioni alikuwa anashuka na yule mama kukaa na majirani mlangoni, akajifunza kucheza karata zao, akawa anawapiga. Kwa Machi, wakati wa sherehe za Fallas, alikuwa anasaidia kukaanga buñuelos, maandazi yao ya malenge, na kuwaambia wazi kwamba yanahitaji iliki.

Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yaliingia vitongoji vya kusini mwa Valencia. Onyo la simu lilitufikia saa mbili na dakika kumi na moja usiku, na kufikia wakati huo kuna watu walikuwa tayari juu ya mapaa ya magari. Zaidi ya watu 220 walikufa mkoani humo. Mji wenyewe ulinusurika kwa sababu mto ulichepushwa baada ya mafuriko ya 1957. Ng'ambo ya mfereji huo ndiko kulikozama. Sisi tulikuwa na Mai Mahiu ya Aprili mwaka ule ule, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kutueleza matope ni nini.

Novemba mosi ilikuwa sikukuu. Serikali ilikuwa inasuasua, na watu wa mjini, maelfu, walibeba mafagio na majembe wakavuka kwa miguu daraja dogo la kutoka San Marcelino kwenda La Torre. Dada wa Karatina alikuwa na siku yake ya mapumziko. Alichukua fagio la balkoni ya bosi wake, akaenda na wanawake wawili wa ngazi ile ile, akashinda akitoa matope kwenye kinyozi cha mtu asiyemjua. Mke wa kinyozi akampa viatu vya mvua vya binti yake. Agosti iliyofuata familia ile ilimchukua kwenda pueblo yao siku nne, na mama yake kule Karatina akawa anauliza kwenye simu goti la yule bibi wa kijijini linaendeleaje.

Siku ile ya matope alipiga picha moja, fagio mkononi, uso umepakwa udongo mpaka kwenye kope, anacheka na wale wenzake wawili. Akaiweka kwenye grupu letu. Jibu la kwanza lilikuja baada ya dakika moja: "Hiyo wanalipa ngapi kwa siku?"